Ramani ya Mvua Kubwa: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Hali ya Hewa na Ujenzi wa Afrika ya Mashariki

Kwa Waheshimiwa wakuu wa mamlaka na idara za hali ya hewa, na wakuu wa wizara za ujenzi, wa Tanzania, Kenya na Uganda.

Waheshimiwa,

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo ninalotaka kulisema ni la kila mtu apitaye juu ya daraja, alalaye kando ya mto, au apelekaye mtoto wake skuli kwa njia inayokatwa na maji kila masika. Jambo lenyewe ni ramani. Nayo ni ramani ya mvua kubwa, ile ambayo mhandisi huifungua kabla ya kukata shauri mtaro uwe na upana gani, karavati liwe na midomo mingapi, na daraja liinuliwe kiasi gani juu ya maji. Raia walio wengi hawajapata kuiona wala kusikia habari yake, ilhali salama yao imo ndani yake. Ombi langu kubwa kwenu ni moja, nami nitalieleza kwa urefu: kwamba nchi zetu tatu, ambazo zamani zilikuwa na ramani moja ya namna hiyo, zikae pamoja ziichore upya kwa takwimu zote zilizopo tangu mwanzo wa vipimo hata leo, na zifungane ahadi ya kuichora tena kila baada ya miaka kumi.

Ramani ninayoikusudia ilitoka mwaka 1974. Waliitengeneza D. Fiddes, J. A. Forsgate na A. O. Grigg, wataalamu wa maabara ya serikali ya Uingereza iliyokuwa ikichungua habari za barabara na usafiri, wakaitoa katika ripoti namba 623 iliyohusu ukadiriaji wa mvua za dhoruba katika Afrika ya Mashariki. Na haukupita muda mrefu ikafuatwa na ripoti namba 706, iliyoonyesha jinsi mvua hiyo inavyogeuzwa kuwa kiasi cha maji yatakayofika kwenye karavati au daraja. Wahandisi wenu wanazijua vizuri kuliko mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kusomesha hesabu na jiografia. Nazitaja kwa heshima, maana ni kazi iliyofanywa kwa akili na kwa uangalifu, na namba zake zingali zinatumika katika hesabu za barabara zetu hata leo.

Hebu nieleze walivyofanya, kwa ajili ya msomaji ambaye hajapata kuifungua. Walichora ramani ya mvua ya siku moja ambayo, kwa wastani, hufikiwa au hupitwa mara moja katika miaka miwili. Wakachora na ya pili, yenye kuonyesha mvua ya miaka kumi inaizidi ile ya miaka miwili kwa mara ngapi. Na kwa ramani hizo mbili mhandisi aliye mahali popote, hata kama hapakuwahi kuwekwa kipimamvua, aliweza kupata kadirio lake. Kisha wakatambua ya kwamba dhoruba za nchi hizi hazina tabia moja. Bara dhoruba huja kwa ghafula na kumaliza ghadhabu yake upesi, na ukiifuata kanuni yao utaona kwamba saa moja iliyo kali kuliko zote hubeba takriban theluthi mbili ya mvua ya siku nzima. Pwani mvua hukaa, na saa yake iliyo kali haibebi ila kama asilimia 38. Na katika milima ya Aberdare na Uluguru, waliyoipa ukanda wake peke yake, huwa nusu. Kwa hiyo mhandisi wa Dodoma na mhandisi wa Tanga, hata wakipewa milimita 100 zile zile za siku, wanakabiliana na maji mbalimbali: wa kwanza ana kama milimita 68 za kupitisha kwa saa moja, na wa pili ana 38. Mtu anayeona karavati limebomolewa na mvua ya nusu saa, hali mvua ya siku nzima iliyoandikwa daftarini si ya kutisha, sababu yake aghalabu ni hii.

Walakini ripoti ile isingaliandikika pasipo watu ambao majina yao hayamo katika ripoti yoyote. Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika ya Mashariki, ambayo asili yake ni utumishi ulioanzishwa mwaka 1929 na makao yake yakawa Nairobi, ilipokea habari za mvua kutoka kwa makarani wa bomani, mapadri na masista wa misheni, wakuu wa stesheni za reli, wasimamizi wa mashamba ya mkonge na chai, na walimu. Kila siku saa tatu asubuhi mtu alikwenda kwenye kipimamvua, akamimina maji katika bilauri yenye alama, akasoma, akaandika. Na siku isiyokuwa na mvua akaandika sifuri, kwa kuwa sifuri nayo ni habari. Kazi hiyo haikuwa na sifa wala malipo ya maana, na ubora wake ulikuwa katika kutokukatika. Daftari la miaka 40 lililoandikwa bila kukosa siku lina thamani ambayo chombo cha leo, kiwe cha ghali namna gani, hakiwezi kuifidia, maana hakuna chombo kinachoweza kurudi nyuma kikapime masika ya mwaka uliokwisha pita.

Hata saa tatu ile ina hila yake, nayo inaonyesha jinsi hesabu hizi zinavyotaka hadhari. Dhoruba ikianza alfajiri na kwisha adhuhuri, kipimo cha saa tatu huikata vipande viwili, kimoja kikaandikwa kwa siku ya jana na kingine kwa siku ya leo, na daftari likaonyesha mvua mbili za wastani mahali ilipokuwapo mvua moja kubwa. David Hershfield, mtaalamu wa idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambaye atlasi yake ya mwaka 1961 ilitegemewa katika sehemu nyingi za nchi ile kwa zaidi ya miaka 40, ni mmoja wa walioonyesha kwamba mvua kubwa ya siku ya daftari yafaa izidishwe kwa takriban 1.13 ndipo ipatikane mvua kubwa ya saa 24 za kweli. Sehemu kumi na tatu katika mia si kitu kidogo. Ndizo zinazoweza kuyatenga maji yapitayo chini ya daraja na maji yapitayo juu yake.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na elimu yao ya mvua, wakihesabu mwaka tangu Nairuzi, miongo kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa hesabu hiyo wakajua wakati wa kupanda, wakati wa kusafiri kwa jahazi, na wakati wa kungojea masika. Elimu ile ilijibu swali la lini. Ramani ya mvua kubwa hujibu swali jingine lililo gumu zaidi: mvua ikija itafikia kiasi gani, na kiasi hicho ni nadra kwa namna gani, na ugumu wake ni kwamba tunataka kukadiria tukio ambalo yamkini hakuna aliye hai aliyepata kuliona, kwa kutumia matukio madogo kuliko hilo.

Msingi wa hesabu hiyo uliimarishwa na Emil Julius Gumbel, na habari za maisha yake zastahili kujulikana kwetu. Alizaliwa Munich mwaka 1891, akawa mwanahesabu, na baada ya vita vikuu vya kwanza akazitumia hesabu zake kwa jambo la hatari: alihesabu mauaji ya kisiasa yaliyotendeka katika nchi yake, akaonyesha kwa majedwali jinsi mahakama zilivyowaadhibu wauaji wa upande mmoja na kuwaachilia wa upande wa pili. Kwa ajili ya hayo na misimamo yake dhidi ya Wanazi aliondolewa katika Chuo Kikuu cha Heidelberg mwaka 1932, akahamia Ufaransa, kisha Marekani mwaka 1940. Huko uhamishoni ndiko alikoiendeleza nadharia ya vikomo, yaani ya namna yanavyogawanyika yale yaliyo makubwa kuliko yote katika kila mwaka, akaandika mwaka 1941 juu ya muda wa kurudi kwa mafuriko ya mito, na mwaka 1958 akakitoa kitabu chake kikuu. Maneno tunayoyasikia leo redioni, mvua ya miaka kumi, mvua ya miaka mia, chimbuko lake ni hesabu za mtu huyu na za wengine waliomtangulia na waliomfuata.

Na maneno hayo yamefahamika vibaya, hata na baadhi ya watu wenye kutoa amri. Mvua ya miaka mia haikupewa zamu ya kuja mara moja katika karne na kisha kupumzika miaka 99. Maana yake ni kwamba katika mwaka wowote kuna nafasi moja katika mia ya kufikiwa au kupitwa. Ikija mwaka huu, nafasi yake mwakani ni ile ile. Nyumba iliyojengwa pahali pa mafuriko ya miaka mia na kukaliwa miaka 30 ina nafasi ya asilimia 26 ya kuyaona maji hayo kabla watoto waliozaliwa humo hawajawa na watoto wao. Karavati lililojengewa mvua ya miaka kumi lina nafasi inayokaribia theluthi mbili ya kuzidiwa walau mara moja katika miaka yake kumi ya kwanza. Sisemi kwamba ni kosa kulijenga kwa kipimo hicho, maana fedha zina mwisho na njia ya shambani si njia kuu ya taifa. Nasema ya kwamba hiyo ni hatari iliyochaguliwa kwa ajili ya raia, nao wana haki ya kuambiwa kuwa imechaguliwa, na kwa kiasi gani.

Sasa nafika kwenye sababu ya barua hii. Ramani ya 1974, kwa sharti la tarehe yake, haikuweza kujua lolote lililotokea baadaye. Iliyajua mafuriko ya mwishoni mwa 1961, ambayo pamoja na mvua za miaka iliyofuata yaliliinua Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili. Haikuyajua ya 1997 na 1998, wala ya Desemba 2011, ambapo Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, watu wapatao 40 wakafa, na wakazi wa Bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Wala vuli ya 2019, ambayo katika miezi iliyofuata ililirudisha ziwa kwenye kimo chake cha 1964. Wala tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh mwezi wa Desemba 2023. Wala masika ya 2024, yaliyoizamisha Rufiji na kuleta maafa ya Mai Mahiu nchini Kenya. Nusu karne ya ushahidi imelundikana tangu ramani ile ichapwe, na kila mwaka wa ushahidi huo ulilipiwa na watu.

Pamoja na hayo, dhana yenyewe iliyoibeba ramani imetikisika. Fiddes na wenzake, kama Gumbel na Hershfield kabla yao, walichukulia kwamba tabia ya mvua haibadiliki, kwa hiyo yaliyopita ni kipimo cha haki cha yajayo. Walikuwa na udhuru kwa zama zao. Lakini mwaka 2008 kundi la wataalamu wa maji liliandika waziwazi katika jarida la Science ya kwamba dhana hiyo imekufa. Sababu yake ni ya fizikia iliyo wazi: kila hewa inapopata joto kwa digrii moja ya selsiasi huweza kuchukua mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na dhoruba ikipata mvuke zaidi hutoa mvua zaidi. Jopo la kimataifa la wataalamu wa mabadiliko ya tabianchi lilisema mwaka 2021 kwamba mvua nzito ya siku moja ambayo zamani ilitokea mara moja katika miaka kumi sasa, kwa wastani wa nchi kavu za dunia, hutokea mara 1.3, na joto likifika digrii 2 itatokea mara 1.7. Wastani wa dunia haumwambii mhandisi wa Muheza afanye nini. Ndiyo maana hesabu zetu wenyewe zahitajika.

Hapa lazima niseme jambo linalowatatiza wengi. Kwa miaka kadhaa masika ya Afrika ya Mashariki yalikuwa yakipungua, wakati mifano ya kompyuta ilikuwa ikitabiri yataongezeka, na wataalamu wakaliita jambo hilo fumbo la Afrika ya Mashariki. Wako waliolifanya fumbo hili kuwa hoja ya kutokufanya kitu, wakisema: kama hamjui mvua inaongezeka au inapungua, ramani mpya ya nini? Lakini jumla ya msimu na ukali wa siku moja ni mambo mawili. Msimu waweza kupungua huku siku zake chache za mvua zikizidi ukali, na mkulima akafiwa na mahindi kwa ukame mwezi mmoja, kisha akachukuliwa udongo wa shamba lake kwa mafuriko mwezi wa pili. Na fauka ya hayo, vuli zetu zinafuata mwenendo wa Bahari ya Hindi: mwaka maji ya upande wetu yanapopata joto kuliko ya upande wa Sumatra, kama ilivyokuwa 1961, 1997 na 2019, mvua hufurika kwetu. Hesabu inayochanganya miaka hiyo na miaka mingine bila kuitofautisha hutoa jibu ambalo si la miaka hii wala ile.

Kuna na jambo la uchoraji wenyewe. Ukiwa na vipimamvua vichache, utajazaje nafasi zilizo katikati? Zamani mchoraji aliunganisha namba kwa mkono na busara yake, na mara nyingi busara ile ilikuwa nzuri. Tangu 1994 Christopher Daly wa Oregon na wenzake wametumia njia iitwayo PRISM, inayozingatia kimo cha mahali, umbali wake na bahari, na upande ambao mteremko unauelekea, ikakipa uzito zaidi kituo kinachofanana na mahali panapotafutwa kuliko kituo kilicho karibu tu. Nchi yoyote yenye milima kama yetu inaihitaji njia ya namna hiyo. Amani, juu ya Usambara ya Mashariki inayopokea upepo wa bahari, hupata takriban milimita 1900 kwa mwaka, ilhali Same, iliyo nyuma ya Milima ya Pare, haifiki milimita 700. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro ina migomba na mifereji ya Wachaga, na upande wa pili wa mlima ule ule ni ukavu wa Amboseli. Mtu akipiga mstari kati ya vituo viwili vya namna hii na kugawanya sawasawa, atapata namba isiyokuwapo pahali popote duniani.

Najua mtaniambia kwamba setilaiti zimekwisha kutuokoa na shida hii, na kweli zimetusaidia sana. Takwimu za CHIRPS, zilizotengenezwa na wataalamu wa chuo kikuu cha Santa Barbara, California, zinatupa makadirio ya mvua tangu 1981 kwa kila eneo la takriban kilomita tano. Lakini makadirio yale hutegemea sana ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha husahihishwa kwa vipimamvua vya ardhini. Palipo na kipimamvua husahihishika, pasipo nacho hubaki dhana. Na mvua kali ya mahali padogo, ambayo ndiyo inayobomoa, hutawanywa katika eneo lote ikaonekana ya wastani. Watafiti walipojumlisha mwaka 2017 midomo ya vipimamvua ambavyo takwimu zake hukusanywa kwa ajili ya dunia nzima, walikuta eneo lake lote halifiki nusu ya kiwanja cha kandanda. Kwa ushahidi mdogo hivyo, kila kituo kinachofungwa ni hasara ya ulimwengu mzima.

Tena setilaiti haina kumbukumbu ya kabla ya kurushwa kwake. Tufani ya Hidaya ilipofika Mafia mwezi wa Mei 2024 wako waliosema kwamba jambo hilo halijapata kutokea katika pwani hii. Na hali Lindi ilipigwa na tufani mwezi wa Aprili 1952, na Unguja ilipigwa mwezi wa Aprili 1872, zikaangushwa nyumba, vyombo bandarini na mikarafuu mashambani. Atlasi itakayoanza na mwaka 1981 itahesabu pwani ya kusini kana kwamba 1952 haikuwapo.

Kwa sababu hiyo naweka mbele ya mambo yote uokoaji wa madaftari. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 idara ile moja iligawanyika ikawa ya nchi tatu, na karatasi zake zikawa za wenyewe watatu. Wataalamu wa takwimu, hasa Hosking na Wallis katika kitabu chao cha 1997, wameonyesha kwamba kituo kimoja chenye miaka 30 hakitoshi kukadiria mvua ya miaka mia, lakini vituo 20 vya ukanda mmoja, kila kimoja kina miaka 40, vikiunganishwa kwa utaratibu vinatoa miaka 800 ya ushahidi. Ingawa si 800 kamili, maana dhoruba moja huweza kuandikwa na majirani wawili. Vituo vya ukanda mmoja havifuati mipaka ya dola. Mvua ya Bukoba ni jamaa ya mvua ya Entebbe, ya Same ni jamaa ya Voi, ya Tanga ni jamaa ya Mombasa; na nchi ikifanya hesabu yake peke yake hujinyima nusu ya jamaa zake. Hii ndiyo hoja yangu ya kutaka ramani moja, nayo ni hoja ya hesabu kabla haijawa ya undugu. Ninafahamu kwamba watafiti na idara wamefanya hesabu mpya kwa miji kadhaa, na nawapongeza. Lakini kazi hizo hazikuunganishwa zikawa sheria ya mhandisi kutoka Lodwar hata Mtwara.

Gharama yake si ya kutisha. Kupiga picha kila ukurasa wa kila daftari, kuajiri vijana waliomaliza skuli kuziingiza namba katika kompyuta, kuwa na watu wawili wa kuandika namba moja ili kosa lionekane, kukaa wataalamu wa nchi tatu kwa miaka kama mitatu: hayo yote, kwa kadirio langu la kawaida, hayafikii thamani ya daraja moja kubwa. Na Marekani inatupa funzo la upande wa pili. Houston ilijenga kwa namba za zamani. Tufani ya Harvey ikaja mwaka 2017. Na hesabu mpya zilipochapishwa mwaka 2018, mvua ya siku moja ya miaka mia ilipanda kutoka takriban milimita 330 hata 460. Mji wote uliojengwa kwa kipimo cha kwanza ulikuwa umekwisha kujengwa. Sasa nchi ile inatengeneza atlasi itakayotia ongezeko la joto ndani ya namba zake, nasi hatuna sababu ya kungoja mpaka wao wamalize ndipo tuanze.

Atlasi hiyo ikitoka, naomba ionyeshe pamoja na kila namba kiasi cha shaka kilichomo, maana namba isiyo na shaka yake humfanya mhandisi ajiamini kupita haki. Ionyeshe mvua za dakika 15, za nusu saa na za saa moja, kwa kuwa mitaro ya miji huzidiwa kwa muda huo. Na itolewe bure kwa mwanafunzi, diwani, mwandishi wa habari na fundi wa kijijini. Takwimu za mvua zilikusanywa na watu walioamka kila asubuhi bila ujira wa maana, nazo ni amana ya wote. Sheria iliyoigeuza TMA, taasisi ya hali ya hewa ya Tanzania, kuwa mamlaka mwaka 2019 imeipa nguvu kubwa juu ya habari za hali ya hewa nchini humo. Nguvu hiyo na itumike kuzifungua.

Na walimu walio na vipimamvua katika nyua za skuli, pamoja na watu wote wanaosoma mvua kwa kujitolea, wapewe chombo kizima, daftari, na mkaguzi wa kuwatembelea. Wapewe na jawabu pia, maana mtu anayepeleka namba miaka 20 bila kuambiwa zimetumika kwa nini huacha, na akiacha mnakuwa mmepoteza vituo viwili, kile kilichokuwapo na kile ambacho mwanafunzi wake angalikiendeleza.

La mwisho ni dogo, na laweza kuanza kabla atlasi haijakamilika. Kila daraja na kila karavati kubwa litakalojengwa kuanzia mwaka huu liwekwe kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili: limejengewa mvua ya miaka mingapi, ni milimita ngapi kwa saa, na namba hizo zimetoka katika ramani ya mwaka gani. Mwendesha bodaboda anayefika hapo jioni ya masika na kuona maji yanapanda atajua kama amesimama mbele ya kitu kilichojengewa maji yale au la, na mkaguzi atakayekuja baada ya mafuriko atajua pa kuanzia kuuliza. Naomba daraja jipya la Jangwani, Dar es Salaam, liwe la kwanza kuwekwa kibao hicho, na jibu lenu kuhusu ombi hili, liwe la kukubali au la kukataa, litangazwe hadharani kama nilivyoliandika hadharani.

Ndimi raia mwenzenu, mwenye heshima na matumaini kwenu.